Nyumba Iliyojiunga na Klabu ya Mbio za Pole

Kabla ya kutoka kwenda kukimbia, fundi cherehani aliipanga nyumba kama mtu anayesafiri mwezi mzima. Chai aliitia kwenye chupa, vikombe akavifunika kwa sinia. Sare ya chekechea ya binti yake aliitundika kwenye kitasa cha mlango, mahali ambapo hata mtu aliyefumba macho angejigonga nayo. Soksi alizitia ndani ya viatu, viatu akavielekeza mlangoni. Alimnyonyesha mtoto mchanga mpaka akaliachia titi mwenyewe, akamlaza ubavuni mwa baba yake. Kisha akavaa raba za kaka yake, ambazo zilimzidi na akawa amezijaza vipande vya vitambaa mbele, akatoka kwa kunyata.

Wazo la mbio lilitoka zahanati. Muuguzi, ambaye mtaa mzima humwita Sista, alimpima presha, akautazama mshale mara mbili, akamuuliza siku hizi anapumzika saa ngapi.

"Mimi kutwa nimekaa, Sista. Kazi yangu ni kukaa."

"Basi kimbia."

"Nikimbilie wapi?"

"Popote. Muhimu urudi."

Fundi alikuwa na mahali pake tayari, ila hakupataja. Dirisha la cherehani yake lilitazamana na kilima, na juu ya kilima kulikuwa na tangi la maji la mji, la chuma, limesimama peke yake kwa miguu minne. Tangu ajifungue mtoto wa kwanza hakuwahi kuwa peke yake. Hata chooni alizungumza na mtu wa upande wa pili wa mlango. Alitaka afike pale kwenye tangi kwa miguu yake, asimame, asikie pumzi yake na kisiwepo kingine. Hakumwambia yeyote kwa sababu ingesikika kama malalamiko, na yeye hakuwa na la kulalamikia. Mume hakuwa mlevi, hakuwa na mkono mwepesi, na jioni alikuwa nyumbani.

Kukimbia peke yake kulimshinda. Siku ya kwanza alifika mashine ya kusaga, kichomi kikamkunja kama shati. Siku ya pili mvua. Siku ya tatu hakukuwa na mvua, lakini mawingu yalikuwepo, akayaheshimu. Akaona kwamba mtu akikimbia peke yake hushindwa na godoro. Ndipo alipokata kipande cha boksi la vitambaa, akaandika kwa chaki ya kushonea na kwenda kukibandika kwenye kioo cha kinyozi: KLABU YA MBIO ZA POLE. WOTE MNAKARIBISHWA. HAKUNA ANAYEACHWA NYUMA.

Sentensi ya mwisho aliiweka kwa ajili yake mwenyewe. Alijua atakayeachwa ni nani.

"Fundi, mbio za pole ndiyo nini?" kinyozi aliuliza. "Si kutembea huko?"

"Kutembea ni kutembea. Hizi ni mbio, ila hazina haraka."

"Basi mimi nimo. Nikinyoa kwa haraka watu wanalalamika, nimeshazoea pole."

Kinyozi akaja na firimbi, akajipa kazi ya kulinda kanuni. Akaja Sista. Akaja karani wa posta, ambaye suruali zake fundi alikuwa ameshazipanua mpaka basi. "Kaka, suruali imefika mwisho wa kitambaa," alimwambia. "Sasa ni zamu yako."

Jumamosi ya kwanza Sista aliwafundisha mwendo. Ukiweza kuongea, alisema, unakimbia vizuri. Ukiweza kuimba, unatudanganya. Ukishindwa hata kuitikia salamu, punguza. Walipopita sokoni watu wakawasalimu, na karani hakumwitikia hata mmoja. Mjini pakasemekana karani siku hizi anaringa.

Jumamosi ya pili, walipofika mashine ya kusaga, walisikia nyuma yao sauti kama ya kabati linaloburutwa. Ilikuwa nyumba ya fundi. Ilikuja barabarani vyumba vyake viwili, sebule na jiko, kwa hatua fupi fupi kama mtu aliyejitwika ndoo iliyojaa, bati likichezacheza. Mumewe alikuwa ametoa kichwa dirishani, taulo begani.

"Mama watoto, chumvi iko wapi?"

"Kopo la bluu, nyuma ya sukari."

"Na sukari?"

"Mbele ya chumvi."

Kichwa kikaingia ndani. Kopo likasikika. "Aa, nimeiona," mume alisema. Nyumba ikapumua kidogo, ikageukia pale penye uwanja wa mashine, ikarudi ilikotoka.

"Kwa nyumba ya matofali, ina pumzi," kinyozi alisema. Karani alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Alipomaliza wakaendelea.

Toka siku hiyo nyumba ilikuja kila Jumamosi. Mara ilitaka kujua beseni dogo lilipo, mara shati jeupe, mara kama maziwa ya jana bado yananyweka. Mama mkwe, ambaye kwa sababu ya magoti hakuwa amevuka soko kwa miaka, alitolewa kiti akakaa kibarazani, akawa anasalimiana na watu njia nzima.

"Mkwe wangu," aliita kutoka nyuma, "punguza mwendo, chai inamwagika."

Fundi alipunguza.

Majirani hawakuwa wagumu. Mmoja tu alikuja kulalamika kwamba kamba yake ya kuanikia nguo imefungwa kwenye msumari wa nyumba ile, na nyumba ikiondoka huondoka na mashuka yake. Kamba ikahamishiwa kwenye nguzo na neno likaisha.

Mume ndiye aliyekosa raha, kwa kuwa kunyoa ndevu ndani ya nyumba inayokimbia ni kazi. Akamwita mwashi. Mwashi alizunguka, akagonga kuta kwa kifundo cha kidole, akalala kifudifudi akasikiliza chini.

"Msingi mzima," alisema. "Tatizo haliko huku chini."

Lakini kwa vile alikuwa ameshakuja na simenti yake, alimwaga zege kuzunguka nyumba yote. Jumamosi iliyofuata nyumba ilikuja na zege lake, ikikanyaga nalo kwa kishindo kama mtu aliyenunuliwa viatu vipya.

Mume wa fundi alikuwa mtunza stoo katika duka la vipuri. Siku moja fundi alimpelekea miwani aliyoisahau, akakuta umeme umekatika na stoo giza totoro. Mteja alitaka mpira wa pampu ya zamani, ya aina ambayo kiwanda chake kilishakufa. Mumewe hakugeuza hata shingo. "Rafu ya juu, mkono wa kulia, nyuma ya mikanda ya feni," alimwambia msaidizi wake. "Imebaki miwili. Chukua wa chini, wa juu una ufa." Msaidizi akapapasa, akautoa. Ulikuwa wenyewe.

Jioni ile fundi alimuuliza huku akikunja pindo la sketi.

"Baba watoto, kule stoo unajuaje kila kitu kilipo?"

"Nisipojua mimi atajua nani? Ile ndiyo kazi yangu."

"Na hapa?"

"Hapa si upo wewe."

Alilisema kwa mapenzi, na fundi alijua ni kwa mapenzi. Kisha akaendelea kutafuta kijiko.

"Baba, umekishika," alisema binti yao. Mtoto huyu alikuwa bado hajui kufunga kamba za viatu, lakini alijua kibiriti kilipo, na khanga ya bibi, na dawa ya kikohozi ya mdogo wake. Baba yake alimpakata akambusu kichwani. "Mama mdogo wa nyumba hii," alisema. Fundi alikata uzi kwa meno.

Baada ya muda nyumba ya Sista nayo ikaanza. Sista aliishi na baba yake na kaka zake wawili, watu wazima wenye ndevu. Nyumba yao ilikuwa ndefu, yenye geti, na ilikimbia geti mbele.

"Dada, pasi iko wapi?" liliuliza geti kwa sauti ya kaka mkubwa.

"Umeitumia jana."

"Najua nimeitumia. Iko wapi?"

Zikawa nyumba mbili barabarani, na kwenye kona ilibidi zipishane. Nyumba ya karani haikuja. Karani alikuwa na watoto sita, na nyumba yake ilitulia mahali pake kama kuku juu ya mayai. Klabu ililizungumza jambo hilo wakati wa kujinyoosha.

"Ni msingi," karani alieleza. "Wangu mimi ni wa mawe. Hizi zenu za matofali ni nyepesi."

"Changu ni chumba tu nyuma ya saluni," kinyozi alisema. "Nikitoka hakijui hata nimekwenda wapi."

Sista alimtazama karani. "Mkeo yuko wapi saa hizi?"

"Si yuko ndani."

"Mwambie aje tukimbie naye."

"Hawezi, Sista. Nani atabaki na nyumba?"

Sista akamtazama fundi, fundi akazitazama raba za kaka yake. Kinyozi akapuliza firimbi.

Zilipokuja mvua, fundi alikata tamaa kama kila mtu. Matope, kichomi, mtoto anaota meno. Alijiambia anapumzika wiki hii tu, na wiki hii tu ikazaa wiki nyingine. Lakini nyumba ilikuwa imeshazoea. Jumamosi kukipambazuka ilianza kujinyoosha yenyewe, kwanza upande wa jiko, halafu wa sebule, mpaka kitanda kikateleza na fundi akajikuta amekaa mlangoni, raba ziko mbele yake. Akajikaza kisabuni, akatoka. Hakuna aliyemwona akitabasamu. Kwa kweli mbio zilikuwa zimeifaa nyumba ile. Ufa wa sebuleni ulijifunga, bati lilikaa vizuri, na magoti ya mama mkwe, kwa kutikiswa kila wiki, yalilegea akaanza kuinuka mwenyewe. Sista alipompima fundi presha, mshale ulisimama mahali pa heshima.

Kiangazi kiliporudi, baraza la mji lilitangaza mbio za kupanda kilima. Mwisho wa mbio ni kwenye tangi la maji, na kila atakayefika atavikwa medali. Fundi alilisoma tangazo, akarudi akalisoma tena. Jioni akamfuata Sista zahanati.

"Nataka nifike kule juu peke yangu."

"Peke yako, peke yako?"

"Bila mlango nyuma yangu. Hata kama ni kwa kupumua mara moja."

Sista alifunga kabati la dawa, akafikiri. "Basi jifunze kilima. Hatua fupi, macho chini, usishindane na mtu. Nyumba kwenye tambarare ni hodari, lakini kupanda hazijui."

Akajifunza kilima. Alikuwa akipanda kipande cha chini alasiri, wakati mume yuko stoo na mama mkwe amelala na wajukuu, na nyumba ikitulia kwa sababu mle ndani hapakuwa na aliyekuwa akitafuta kitu. Hakupita kamwe nusu ya njia. Nusu ya juu aliihifadhi, kama mtu anavyohifadhi kitambaa kizuri bila kukikata.

Siku ya mbio, dada aliyekaa kwenye meza ya kuandikisha aliitazama nyumba iliyokuwa imesimama kwenye mstari ikipasha misuli joto. Aliuliza ni klabu gani. Akaambiwa. Akampa mume namba, naye akaibandika mlangoni kwa pini za mama mkwe.

Mbio zilipoanza, fundi hakutimua. Alipita soko akiitikia salamu, akapita mashine ya kusaga, na mguu wa kilima ulipomfikia akashusha macho. Hatua fupi. Nyuma alisikia zege likikanyaga, halafu likaanza kukwaruza. Alisikia vikombe. Alimsikia mumewe, "Mama watoto, ule mfuko wa..." na sauti ikabaki chini. Alipita nusu. Alipita pale ambapo hakuwahi kupita. Njia ilikata kona kwenye mwamba, na baada ya kona ile hapakuwa na sauti.

Mwanzoni hakuitambua pumzi yake, ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani. Iliingia na kutoka kama ya mtu anayejulikana sana ambaye amepotea siku nyingi. Tangi lilikuwa pale mbele. Aliiona kutu kwenye miguu yake minne na bomba linalodondosha tone. Angerusha jiwe lingelia kwenye chuma. Waliovaa medali walikuwa wamekaa kwenye majani upande wa pili, na hakuna aliyemwita.

Firimbi ikalia nyuma. Kinyozi alitokeza kwenye kona, mikono magotini.

"Fundi," alisema alipoweza. "Kuna mtu nyuma."

"Ile ni nyumba."

"Ina namba."

Fundi alijifuta jasho kwa ncha ya fulana.

"Mimi sina neno, dada yangu," kinyozi alisema. "Kanuni uliiandika wewe. Mimi napuliza tu. Ya Sista haikuja leo, ya kwako imekwama pale chini, imeinama."

Ndipo upepo ulipogeuka, akamsikia mtoto mchanga analia, mbali, kama paka ndani ya gunia. Maziwa yakamshuka yakalowesha fulana. Ingefaa kusema kwamba alisimama akawaza. Hakusimama. Alilitazama tangi mara moja, akageuka, akateremka.

Nyumba ilikuwa imekwama kwenye mteremko mkali, pembe moja hewani, vioo vyake vimefunikwa na ukungu wa joto. Klabu nzima ilizunguka nyuma ikaweka mikono ukutani, Sista, kinyozi, na karani ambaye kwa mara ya kwanza uzito wake ulipata kazi. Mume alikuwa amesimama mlangoni, mbele, mtoto mkononi.

"Kaza, mama watoto. Bado kidogo."

"Baba watoto, shuka usukume."

"Nikishuka nani atashika mlango?"

"Mkwe wangu," mama mkwe alisema kutoka ndani, "sukuma upande wa jikoni, huku nimekaa mimi."

Wakasukuma upande wa jikoni. Katikati ya kusukuma fundi aliona viganja viwili vidogo vimewekwa ukutani kando ya vyake. Binti yake alikuwa ameruka dirishani. Alikuwa ameuma ulimi pembeni mwa mdomo kama afanyavyo anapotunga uzi kwenye sindano, na anasukuma kwa dhati.

"Rudi ndani, mama."

"Nakusaidia," mtoto alisema.

Nyumba ilipanda, ikakata kona kwenye mwamba, ikavuka mstari mlango mbele. Utepe ulikuwa umevutwa upya, ukamkaa mume kifuani. Mwenyekiti wa mbio akamvika medali, akampa kipaza sauti, akamuuliza siri ya mafanikio.

"Siri ni familia," mume alisema, na macho yalimlenga machozi ya kweli. "Bila mama watoto nisingefika."

Watu wakapiga makofi. Kina mama wawili watatu walijifuta macho kwa ncha za mitandio. Fundi alipomaliza kuzunguka kutoka nyuma ya nyumba, medali zilikuwa zimekwisha. Alipewa soda. Wote walisema ilikuwa ya baridi.

Alikaa kwenye kizingiti cha nyumba yake akamnyonyesha mtoto. Watu walisema kutoka pale juu mji unaonekana wote, mpaka mtoni. Yeye mbele yake palikuwa na ukuta wa tangi, na nyuma yake sebule.

Jumamosi iliyofuata alipanga vikombe, akatundika sare, akatia soksi ndani ya viatu. Alikuwa nje anafunga kamba za raba aliposikia mumewe ndani.

"Mama watoto, medali yangu iko wapi?"

Kabla hajafungua mdomo, binti yake alijibu. "Kwenye msumari, baba. Nyuma ya mlango."

Kisha mtoto akatoka, miguu mitupu, nywele nusu zimesukwa. Alitaka mama amwangalie anavyokimbia mpaka bombani. Fundi akasema haya, namwangalia nani kama si wewe. Mtoto akainua mikono kama bata anayetaka kuruka, akakimbia.

Kizingiti kikasogea. Kilisogea kidogo tu, kama shubiri moja, kumfuata.

Fundi alikiona. Aliinuka, akaweka mguu juu yake, raba yote ya kaka yake pamoja na vitambaa vyake, akakikandamiza kwa uzito wake wote kama anavyosimamisha cherehani. Kizingiti kikavuta. Ndani vikombe vikagongana na mama mkwe akauliza kama wameshaondoka.

"Fundi, twende," kinyozi aliita barabarani. Sista na karani walikuwa nyuma yake wanajinyoosha.

"Tangulieni. Leo msinisubiri."

"Kanuni haituruhusu."

Basi wakasubiri, wamesimama pale pale njiani, na fundi akaikanyaga nyumba yake mguu ukitetemeka, huku mtoto akifika bombani, akiligusa, akigeuka kupunga mkono, na badala ya kurudi akiendelea mbele na kicheko chake, mpaka akapita kona na asionekane tena.